Mashahidi wa Jina la Holloway

Siku yangu ya kwanza kazini, mudiri, mkuu wa ofisi ya nasaba mjini Nizwa, Oman, alinipa faili langu mwenyewe nilipange. Alikuwa mtu mfupi, asiyependa kusema neno mara mbili. Aliweka mezani faili, sindano nene, uzi na mkebe wa gundi, akaniambia: "Khalfan, umekuja juzi tu kutoka Unguja na bitaka, kitambulisho cha uraia, umeshapata. Panga karatasi zilizokupa hiyo bitaka. Ya zamani chini, ya karibuni juu. Ukijua kulipanga la kwako, utajua kuyapanga ya watu."

Nikalipanga. Chini niliweka cheti changu cha kuzaliwa, juu yake barua ya sheikh wa kabila, na juu kabisa maelezo ya mashahidi wawili. Wazee wawili wa Nizwa walikuwa wameapa kwamba walimjua babu yangu mzaa baba, walisali naye msikiti mmoja, na walimwona kwa macho yao akiondoka na msafara kwenda pwani. Wazee hao nilikutana nao mara moja tu, sokoni, wiki iliyotangulia, ami yangu aliponipeleka kuwaamkia. Mmoja alinitazama akauliza, "Ndiye huyu?" Ami akajibu kuwa ndiye. Ikawa basi. Babu yangu, upige hesabu upendavyo, aliondoka Nizwa kabla wale wazee wawili hawajazaliwa.

Mudiri alipolipokea faili alilifungua pale pale penye ushahidi, akausoma wote polepole, akalifunga. "Umeshona vizuri," alisema. "Nyinyi mnarudi wengi, na wanaowakumbuka wazee wenu wanakufa kila siku. Hatukuuliza sana. Lakini ujue kwamba jambo lenyewe limo humu failini."

Nawaandikia vijana waliokalia viti vyetu, ambao kazi hii wanaifanya kwa kubonyeza vitufe. Wakati wetu iliitwa kuthibitisha nasaba, yaani kuhakikisha kuwa mtu ni wa ukoo anaodai kuwa ni wake. Mdai alitakiwa alete vitu vitatu. Cha kwanza ni shajara, ambayo ni orodha ya majina kutoka kwake kupanda juu mpaka kwa babu wa tano. Cha pili ni barua ya sheikh wa kabila kwamba mtu huyu ni wao. Cha tatu ni mashahidi wawili wanaume, watu wazima, wa kabila lile lile. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilisoma Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na karatasi zilizokuwa zikifika Nizwa katika mabegi ya watu zilitoka Unguja, Pemba, Tabora, Bujumbura na mpaka ndani ya Kongo.

Mudiri yule alinifundisha kuuliza. Mzee haulizwi mwaka, kwa sababu atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Anaulizwa fulani alimwoa nani, alizikwa wapi, na siku ya msiba wake walipikia nyumba gani. Mzee haulizwi mbele ya mzee mwenzake. Jibu linaandikwa kabla ya swali la pili kutoka mdomoni. Na mwenye nyumba haambiwi mapema unatafuta nini, kwa sababu akijua atakupa unachotafuta au atakuficha, na yote mawili yanaharibu kazi.

Alinifundisha na kahawa. Sisi tuliotoka Unguja tulijua kunywa kahawa, hatukujua kutoinywa. Huku bara ya Oman, mtu aliyekuja na haja kubwa akimiminiwa kahawa hainywi. Anakiweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Mwenye nyumba akikiona anamuuliza ana nini, na mgeni hanywi mpaka apewe neno. Mwenye nyumba aliyeacha kikombe cha mwenye haja kipoe atasemwa kijiji kizima. Nimeona ugomvi wa damu ukimalizwa kwa kikombe kimoja kilichowekwa kwenye mkeka.

Nilikaa Nizwa miaka mingi, kisha nikahamishiwa Ibra. Huko mkuu wa kitengo alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye shahada, na kanzu yake ilinukia udi kuanzia ngazini. Chini yake tulikuwa wawili, mimi na Bi Zuwena, mpiga chapa aliyezaliwa Pemba, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole vyake. Kanuni zilikuwa zimekaza. Ule wakati wa kutouliza sana ulikuwa umepita.

Ndipo akaja Yusuf Holloway.

Aliingia asubuhi akiwa amevaa nguo za kazi zenye madoa ya mafuta, mwanaume mrefu, mweusi, mvi zimejaa kichwani. Nikamuuliza jina.

"Yusuf Nasser Holloway."

Zuwena alinitupia jicho. "Na huyu ni mzungu gani tena, kaungua hivi?" aliniambia kwa Kiswahili, akidhani mgeni hajui.

"Jua la Tabora hilo, dada yangu," yule bwana alimjibu. "Halichagui mtu."

Zuwena alijifunika uso kwa mtandio akacheka mpaka mabega yakatikisika, na tangu siku ile Yusuf hakukosa chai akifika ofisini kwetu.

Haja yake ilikuwa kuthibitishiwa nasaba ili apate bitaka. Alikuwa fundi wa pampu za maji katika kampuni moja ya ukandarasi, na akiishi kwa kibali kinachoandikwa upya kila baada ya miaka miwili. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Akifika sitini kibali hakitaandikwa tena, na itabidi aondoke nchini. Mkewe alikufa Ibra na amezikwa Ibra. "Nikiondoka, mzee mwenzangu," aliniambia, "nani atamzuru? Na baba yangu aliniusia. Alisema sisi si Waingereza, jina tumeazimwa tu. Kwetu ni Bidiya."

Akafungua bati la biskuti akatoa karatasi tatu. Ya kwanza ilitoka shule, ya pili ilitoka reli. Ya tatu ilikuwa barua ya Kiingereza ya mkono, wino umekuwa wa rangi ya kutu, na juu yake imechapwa anuani ya Uingereza.

Nilizisoma mpaka adhuhuri. Mwandishi wa barua alikuwa Arthur Holloway, Mwingereza, fundi mkuu wa karakana ya reli pale Tabora. Karibu na stesheni palikuwa na duka la Mwarabu mmoja, Said bin Nasser. Said alioa mwanamke wa Kinyamwezi, Kalunde, akapata naye mtoto wa kiume akamwita Nasser kwa jina la baba yake, na akafa kwa homa kabla mtoto hajaanza kutembea. Kalunde akaenda kufua na kupika kwa yule fundi. Mtoto alipofika umri wa shule, shule ya pale ilipokea watoto wa wafanyakazi wa reli peke yao, na Mwingereza akamwandikia kwenye fomu jina lake mwenyewe, Holloway. Barua yake aliiandika miaka ya baadaye, alipokuwa anarudi kwao, akamwachia kijana. Naweka hapa maneno yake kwa Kiswahili changu: mtoto huyu si wangu wa kuzaa, wala sikumtoa katika dini yake; baba yake ni Said wa duka la stesheni, ambaye aliniambia kwao ni Bidiya katika nchi ya Oman; jina nimempa kwa kuwa shule ilitaka jina.

Kwa jina hilo Nasser alipata kazi reli, na kwa jina hilo hilo Yusuf mwanawe akaipata baada yake. Jina liliwalisha vizazi viwili, kisha likawafungia mlango.

Niliamua kuanzia mwisho wa pili wa uzi. Niliandika Uingereza kwa ile anuani iliyochapwa kwenye barua, nikieleza mimi ni nani na natafuta nini. Miezi ikapita. Kisha ikaja bahasha nene kutoka kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amezitafuta habari za ukoo wa Holloway kwa muda mrefu wa maisha yake. Aliniletea shajara yao yote, imechorwa kwa kalamu na rula. Juu alikuwapo Holloway seremala wa magurudumu ya mikokoteni. Chini yake mwanawe, fundi wa saa. Chini ya huyo, Arthur, mhandisi, na chini ya Arthur mstari mfupi wa kulala wenye maana ya kwamba hakuoa na hakuacha mtoto. Bibi yule aliandika kwa adabu sana. Alisema amefurahi kujua kwamba Arthur alikuwa mwema, na anasikitika kwamba hawezi kumwandika katika shajara mtu asiye wa damu yao.

Nilipoisoma nilifurahi. Ni aibu kusema, lakini furaha ya karani ni ya namna hiyo. Waingereza wamemkana kwa maandishi. Kwa hiyo hakuwa wao, na barua ya Arthur ilikuwa kweli. Ilibaki Bidiya imkubali.

Nilikwenda Bidiya peke yangu, wakati wa rutab, zile tende laini za mwanzo wa mavuno. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya Mzee Hamdun bin Salim. Baba yake Hamdun na Said wa Tabora walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Nilimwambia natoka ofisi ya nasaba, nataka kuhakikisha shajara ya ukoo wao, na hilo halikuwa uongo. Alinikalisha katika sabla, lile baraza la wanaume, lenye madirisha yaliyofunguka kwenye shamba la mitende. Wanawe watatu walikuwapo. Mzee alinisogezea sahani kwa mkono wake.

"Kula hii, Khalfan. Hii hapewi kila mgeni. Hii ya mtende wa Nasser."

"Nasser yupi, ami?"

"Mwana wa ami yangu Said, aliyezaliwa bara Afrika. Ilipokuja barua kwamba Said kapata mwana, bibi yetu alimpandia mtende, kama alivyompandia kila mjukuu. Wangu ule pale karibu na ukuta. Wa Nasser ule wa ukingoni mwa mfereji wa falaj, ndio unaokunywa wa kwanza."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Hakuja. Tunamlia tende zake."

Wanawe wakacheka, na mimi nikaandika yale maneno kabla sijameza. Jina la baba, nchi aliyozaliwa mtoto, barua ya habari, na ule mtende unaonekana dirishani. Katika kazi yangu yote sijapata ushahidi uliotoka safi kama ule, mdomoni mwa mtu asiyejua kuwa anashuhudia.

Ndipo nikamwambia kwamba Nasser amefariki, na mwanawe yuko Ibra.

Mzee Hamdun alifuta vidole vyake kimoja kimoja. Mwanawe mkubwa ndiye aliyeuliza. "Anataka nini?"

"Jina."

"Na shamba?"

"Shamba hajalitaja."

"Atalitaja," alisema. Na hapo nikaelewa. Sehemu ya Said katika shamba lile, pamoja na zamu yake ya maji ya falaj, haikuwahi kugawiwa. Walikuwa wakiitumia wao tangu barua za Said zilipokoma.

Pamoja na hayo nilitumaini. Nilidhani wakimwona mtu mwenyewe, urefu ule ule wa Hamdun na paji la uso lile lile, watalainika. Nikampeleka Yusuf. Alikuwa amenunua kanzu mpya na kilemba, akakifunga mbele ya kioo cha gari mara tatu.

"Nimekaaje, mzee?"

"Umekaa kama wao."

"Basi niambie la kufanya nikifika. Mimi ni mtu wa Tabora, mambo ya huku nayajua ya nje nje tu."

Ofisi yetu ilikuwa na kanuni kwamba karani hamfundishi mdai. Ilikuwa kanuni nzuri, iliwekwa kuzuia watu kukaririshwa ushahidi. Nikamjibu, "Kuwa na adabu tu. Sema kweli." Njia nzima kutoka Ibra mpaka Bidiya ile habari ya kikombe ilikuwa kwenye ulimi wangu, na sikuitoa.

Sabla ilijaa wanaume. Kahawa ikamiminwa, Yusuf akapewa kwanza. Alilelewa kwamba kukataa unachopewa na mkubwa wako ni dharau. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Akamiminiwa cha pili, akanywa. Kisha akakohoa kidogo, akasema kwa Kiarabu alichojifunza kazini kwamba yeye ni Yusuf bin Nasser bin Said, na amekuja kuomba wamtambue.

Mzee Hamdun alitazama vikombe viwili vitupu. "Umekunywa, bwana," alisema. "Umekuja kututembelea. Ahlan wa sahlan."

"Waingereza ni watu wa chai," mwanawe mkubwa akasema, "lakini huyu kahawa yetu kaipenda." Sabla nzima ikacheka.

Yusuf alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mzee Khalfan, nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu," nikamwambia.

Nikazungumza na Hamdun mwenyewe. Nikamkumbusha ule mtende. Akasema mitende yao haina majina. Nikamsomea kitabu changu, neno kwa neno. Hakukana kwamba aliyasema. Alisema, "Yale yalikuwa maneno ya kumkaribisha mgeni. Hayakuwa ushahidi. Na wewe uliyala yote mawili, maneno na tende."

Kwenye gari Yusuf alikivua kilemba akakikunja juu ya mapaja yake. Ndipo nikamweleza habari ya kikombe. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia asubuhi," alisema.

Nilirudi nikaandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Nilieleza reli, shule, barua ya Arthur, shajara ya Waingereza, mtende, na maneno ya Hamdun yalivyosemwa mara ya kwanza. Mwisho nikaandika kwamba nasaba ya Yusuf bin Nasser imethibiti, na kwamba jamaa zake wanakataa kuishuhudia kwa sababu ya urithi. Nikaipeleka kwa mkuu wa kitengo.

Aliniita baada ya siku mbili. Ripoti ilikuwa mbele yake. Kando ya ripoti lilikuwapo faili la zamani, na kabla sijasoma jina niliujua mshono wangu.

"Ripoti nzuri," alisema. "Haina barua ya sheikh wala mashahidi wawili, lakini nzuri. Sasa nisaidie. Tukisema kwamba cha kutazamwa ni ukweli wa habari yenyewe na si idadi ya mashahidi, itabidi turudi kwenye mafaili yaliyopita tuyapime kwa mizani hiyo. Hatuwezi kumpima Holloway peke yake. Tuanze na lipi?"

Nikautazama ule mshono wangu.

"Una watoto wangapi, Khalfan?"

"Watano."

"Wote wana bitaka?"

"Wote."

"Mashaallah." Akaisukuma ripoti upande wangu. Lile faili akabaki nalo, mkono wake umelala juu yake.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema walilazimishwa. Mimi sikutishwa kwa neno hata moja. Nilirudi kwenye meza yangu, nikamwomba Zuwena apige upya ukurasa wa mwisho tu. Kurasa kumi zilibaki kama zilivyo, ukweli mtupu, na wa kumi na moja ukasema: haikuthibitika. Zuwena aliupiga, akautoa kwenye mashine, akaniwekea mezani. "Mimi nimepiga," alisema. "Kutia sahihi ni wewe." Nikatia. Baada ya hapo Zuwena alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, lakini mzaha wake na mimi ulikwisha.

Yusuf alipokuja nilimwambia sikupata kitu kinachotosha.

"Hukupata kitu," alirudia.

"Kinachotosha."

Akanishukuru. Alisema mimi ni mtu pekee katika nchi hii aliyeyasoma makaratasi ya baba yake yote. Kabla ya kuondoka nchini alikuja nyumbani kwangu na vyombo vyake, akanitengenezea pampu ya kisima iliyokuwa ikinisumbua mwaka mzima, na malipo hakuyataka. Aliomba jambo moja, nikipita makaburini nimsomee Fatiha mkewe. Nilikwenda mara mbili. Naandika mara mbili kwa sababu ndiyo hesabu yake.

Mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka nilipita Bidiya kwa kazi nyingine. Ukingoni mwa falaj palikuwa na kisiki, kimekatwa kwa msumeno, na maji yanapita pembeni yake.

Nikapandishwa cheo, nikapelekwa Sur kuwa naibu. Mudiri wa Sur alikuwa mzee mchangamfu aliyekuwa akihesabu miezi yake ya kustaafu kwenye ukuta nyuma ya mlango. Siku moja aliniuliza kwa nini siachi faili lolote bila kulikagua mara tatu. Nikamwambia ni mazoea. Huko ndiko kompyuta zilikotukuta. Majina ya mababu yakapewa visanduku, mashahidi wakapewa visanduku, na kisanduku kikiwa kitupu mashine haikubali kuendelea. Vijana waliona ni maendeleo makubwa. Mimi niliona ni mkuu wetu wa Ibra, kasoro udi.

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na cheti kilichoandikwa kwamba nilifanya kazi kwa amana. Saa nimeitundika.

Nimerudi Nizwa kuishi. Majira ya baridi yaliyopita, baada ya Alasiri, teksi ilisimama mlangoni, akashuka binti wa miaka ishirini na kitu, mrefu, amevaa baibui.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Zuhura Daudi Holloway. Babu yangu ni Yusuf, fundi wa pampu."

Mke wangu alimkaribisha, akaleta tende na kahawa. Zuhura alitueleza kwamba Yusuf alikufa Mwanza, kwa mwanawe Daudi, miaka michache baada ya kuondoka huku. Yeye amepata kazi ya mapokezi katika kambi ya watalii kwenye mchanga wa Bidiya. Kibali cha miaka miwili, kimebaki miezi michache. Nikamuuliza tajiri wake ni nani. Akanitajia jina. Ni mjukuu wa Hamdun.

"Anakuonaje?" nikamuuliza.

"Anauliza kila siku jina hili nimelipata wapi. Namwambia ni la baba wa babu. Anasema nilifiche, watalii watadhani nimewadanganya."

Mke wangu alimimina kahawa akampa. Binti alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama alivyopokea babu yake. Akakiweka chini, kimejaa.

"Hii nimefundishwa kambini," alisema. "Tunawaonyesha watalii jioni. Wanaipenda sana, wanapiga picha." Hakutabasamu. "Babu yangu amekufa akisema wewe ulikuwa mtu wa haki, isipokuwa hukupata kitu. Ulipata?"

Mke wangu alikuwa amesimama na birika mkononi. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia.

"Nilipata," nikasema. Nikawaeleza yote, kuanzia bati la biskuti mpaka ukurasa wa kumi na moja, na sababu yake, na wale wazee wawili wa sokoni, na kile kisiki cha mtende wa Nasser. Nilipomaliza Zuhura aliuliza jambo moja tu.

"Kile kisiki bado kipo?"

"Sijui. Pengine wamekichimbua."

Akafikiri. "Basi liandike, babu. Lote. Uandike na la kwako."

"Kunywa kahawa, mwanangu. Umetoka mbali."

"Nitakunywa ukishaandika."

Akaondoka na teksi yake. Kikombe kilibaki kwenye mkeka, na mke wangu hakukigusa mpaka asubuhi.

Nilianza kuandika wiki ile ile, lakini mazoea ya kazi ni mabaya. Nilikagua mara tatu. Ukurasa unaohusu faili langu niliuchana mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Mwanangu mkubwa, ambaye ana cheo na ana watoto wake, aliuona mezani akausoma akiwa amesimama. "Baba," alisema, "sasa unataka sisi tuwe nani?" Nilimwambia kwamba Yusuf naye alikuja kwangu na swali hilo, kwa maneno mengine, na yeye pia sikumjibu. Hajaja kula kwetu Ijumaa tatu sasa.

Nilimaliza wakati mitende ya jirani imeshaanza kufungwa mifuko ya kuzuia ndege. Nikampigia Zuhura simu. Iliita mlio wa nchi nyingine. Alikuwa Mwanza. Kibali chake kilikwisha mwezi mmoja nyuma, na tajiri wake hakukiandika tena.

"Nimeandika," nikamwambia.

"Umetia na la kwako?"

"Nimetia. Na jina langu chini."

Nilisikia nyuma yake watu wakizungumza, chombo kikianguka, mtoto akilia.

"Haya, babu," alisema. "Ile kahawa mwambie bibi aimwage. Imeshapoa."